Kinampanda Waliniheshimu Mno

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya swali moja la Daktari. Huyu hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mwalimu wetu wa uchumi pale Chuo, mtu wa ng'ambo, mrefu, mpole, mwenye kofia ya jua ambayo hakuivua hata akiwa ofisini. Alichunguza habari za watu wanaohama kutafuta kazi: nani anaondoka, anakwenda wapi, anapokelewaje. Siku moja aliniita akaniuliza, "Mhamiaji anaacha kuwa mgeni lini?" Nikamjibu kisomi kwamba inategemea. Alifurahi sana, akanituma mkoani Singida nikaone inategemea nini.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kila upande, na sisi vijana wa Chuo hatukuwa na shaka kwamba vijiji hivyo vilikuwa vinatusubiri sisi. Nilifungasha mashati, viatu vyeusi vilivyong'arishwa mpaka vikachoka, na maneno makubwa ya kutosha kulisha wilaya nzima.

Manyoni nilishuka kwenye treni, nikapanda lori la chumvi linalokwenda Singida. Nilikaa juu ya magunia pamoja na mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamwambia ninakwenda kuuliza watu kwa nini wanahama. Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, kisha akaniuliza, "Na wewe umetoka Dar es Salaam mpaka huku kwa nini?" Nilijifanya vumbi limeniingia kooni.

Mkiwa, pale njia inapogawanyika kwenda Itigi, dereva alisimama kunywa chai, nami nikaona nianze utafiti. Nilimfuata mwanamume wa makamo aliyekuwa akinunua maandazi, nikamuuliza kama ana kazi.

"Sina," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi kutoka Tanga, kwenye mkonge."

"Pole sana. Sasa unaishije?"

"Nalima tu. Mtama, uwele, karanga kidogo. Nina ng'ombe wa baba, na mizinga ya nyuki kule porini."

"Hiyo yote si kazi?"

Alinionea huruma waziwazi. "Kazi ni ile ya kuamrishwa, ndugu yangu."

Niliwauliza wengine wanne. Wote hawakuwa na kazi, na wote waliniomba radhi kwamba hawawezi kuongea zaidi kwa sababu wamebanwa na shughuli. Daktari alikuwa amenifundisha mambo mengi kuhusu soko la kazi, ila hili alilisahau.

Singida mjini nililala usiku mmoja tu. Upepo wa pale haukuniacha hata kidogo, na asubuhi nilipata gari la kwenda Misigiri. Huko nikashushwa njia panda nisubiri usafiri wa kupanda Kiomboi. Nilisubiri mpaka viatu vikawa na rangi moja na barabara. Lori la misheni likanionea huruma, likanipandisha milimani ambako hewa ni baridi na mashamba yanaonekana mpaka mbali. Jua likiwa linazama nikafika Kinampanda.

Mwenyeji wangu aliitwa Mzee Yohana Msengi. Zamani alikuwa manamba, yaani kibarua wa mashamba ya mkonge huko Tanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana hali za watu ambao hakuna kati yetu aliyewafahamu. Kisha akanijulisha kwa mtu aliyekuwa ameketi kando yake, mwanamume mwenye chale usoni na meno yaliyochongwa.

"Huyu ni Fabiano," akasema. "Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Tumekata mkonge pamoja miaka mingi. Bei ilipoanguka, vibarua tukapunguzwa. Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi. Kwao yeye kuna vita. Nikamwambia twende."

Moyo wangu uliruka kwa furaha ambayo hainipi sifa. Mhamiaji! Tena amewekwa mbele yangu kabla sijanawa mikono.

Chakula kikaja: ugali wa uwele, mlenda na kuku. Firigisi, ambayo ni ya mgeni wa heshima, ilikuwa moja na wageni tulikuwa wawili. Fabiano akaisukuma upande wangu haraka, kama mtu anayesukuma siafu.

"Mpeni huyu," akasema. "Mimi nimekula firigisi tangu masika."

Mke wa Msengi, Mama Eliamani, aliikata katikati bila kucheka, akatugawia kila mtu nusu yake.

Kesho yake nilimuuliza Fabiano anapokelewaje. Nilitegemea manung'uniko. Akaniambia watu wa Kinampanda ni wema mno. Wanampisha njiani, wanampa kiti, wanamwita "mgeni wetu". Akiomba jembe aende nao shambani, wanamwambia apumzike. Alisema hayo yote kwa uso wa mtu anayetaja ugonjwa.

"Jumamosi kuna mkutano," akasema. "Watagawa viwanja na kuandikisha wa shamba la ujamaa. Wakinikataa, sina tena pa kwenda. Mkonge wamefunga geti. Kwetu ndiyo hivyo."

"Watakukataaje, na hakuna anayekuchukia?"

"Hilo ndilo linalonitisha," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitania."

Niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Sikuelewa kitu.

Jumamosi watu walijaa katika ghala jipya la kijiji. Viwanja viligawiwa, kukawa na kelele za kawaida kuhusu nani atakaa karibu na kisima. Lilipofika jina la Fabiano, watu wote wakamgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti, mtu mzito wa maneno, akasimama.

"Ardhi ipo," akasema. "Mikono ya kazi tunaihitaji. Neno ni moja. Sisi watani wetu tunawajua. Tukifiwa, watani wanakuja, wanatuzomea, wanatuzuia kaburini mpaka tuwape chochote, wanatuchekesha, msiba unapita. Huyu ndugu akifia hapa, mtani wake ni nani? Tutamzika kimya kama mzigo uliopotea?"

Watu wakaguna. Nikaona hata Msengi ameinamisha kichwa. Kisha akasimama. "Kambini Tanga, sisi na Wamakonde tulikuwa watani," akasema. "Tulinyang'anyana hata sufuria."

"Hiyo ni ya Tanga," mtu mmoja akajibu kutoka nyuma. "Utani wa kambini unavuka mpaka huku?"

Hakuna aliyejua. Ndipo akainuka Bibi Raheli, mama mkubwa wa Msengi, kikongwe ambaye kijiji kizima kilimwamkia kwa kuinama. Alitembea polepole mpaka mbele ya Fabiano, akamvua kofia kichwani, akaigeuzageuza.

"Hii itamfaa mbuzi wangu," akasema. "Na hayo meno ulichongewa na nani, seremala mlevi?"

Damu ilinipanda. Nilisimama na viatu vyangu vyenye vumbi, nikatamka, "Ndugu Mwenyekiti! Huu ni ubaguzi! Azimio linatufundisha kwamba binadamu wote..."

"Mgeni wetu," Mwenyekiti akanikatiza kwa upole mkubwa, "tunakuomba ukae."

Nilikaa. Watu wote walikuwa wanamtazama Fabiano. Kijasho kilikuwa kinamtoka kwenye chale. Miezi yote ile alikuwa ameishi kwa shikamoo na asante, na sasa alitakiwa kumjibu mama mkubwa wa mwenyeji wake mbele ya kijiji kizima. Akikasirika, amekwisha. Akiomba radhi kwa adabu, amekwisha vilevile.

"Bibi," akasema kwa sauti ileile ya shikamoo. Akaanza tena. "Bibi, yangu yamechongwa, lakini yapo nyumbani. Ya kwako yalikwenda kukata mkonge, na mpaka leo hata barua hayaandiki."

Bibi Raheli alifumbua mdomo, na kweli ndani hamkuwa na kitu isipokuwa ulimi, akaachia kicheko kilichomlazimu kumshikilia Fabiano begani asianguke. Ghala zima likalipuka. Mtu akampiga Fabiano kofi la mgongo, mwingine akauliza kama ana meno mengine ya kuazima. Mwenyekiti akajifuta machozi, akasema, "Mwandikeni." Bibi Raheli akaondoka na kofia. Sijui mbuzi aliivaa, lakini Fabiano hakuiona tena, na wala hakuiulizia.

Jioni ile Mama Eliamani alichinja kuku mwingine. Kabla ya kula, alimtuma Fabiano akapasue kuni, akamgombeza kwamba amezipasua nene mno. Wakati wa chakula Fabiano alitupiwa shingo na miguu ya kuku, akavitafuna huku akicheka peke yake kwa furaha, mifupa ikilia. Mimi nikapewa firigisi. Nzima.

Nilikaa Kinampanda siku kadhaa zaidi nikijaribu kujirekebisha. Nilimwambia Msengi kwamba masikio yake ni makubwa. Alinishukuru. Niliomba jembe, nikaletewa kiti. Nilipoondoka, watu wengi walinisindikiza mpaka kwenye lori, wakanipa asali kwa mikono yao yote miwili. Bibi Raheli aliniambia, "Umetuheshimu, mgeni wetu, na sisi tumekuheshimu." Nyuma yake Fabiano, kichwa wazi juani, alikuwa anabishana na vijana kuhusu zamu ya shamba, nao walikuwa wanamtukana vizuri sana. Nilimwonea wivu kuanzia pale hadi Misigiri, na nikaendelea kumwonea wivu kwenye treni.

Dar es Salaam nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari, nikamsimulia yote. Alinisikiliza bila kuandika. Nilipomaliza akatazama nje dirishani, ambako wafanyakazi wa Chuo walipita wakimpungia mkono kwa adabu, kama walivyofanya kila siku tangu alipokuja nchini.

"Hapa," akasema polepole kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "wao wote ni wema kwangu. Wema sana."

Alivyolitamka hilo neno "wema", nilimsikia Fabiano.

Kwa hiyo niliinuka, nikamvua ile kofia ya jua, nikaivaa, nikaelekea mlangoni. Nilikumbuka kwamba huyu ndiye aliyekuwa anasahihisha mitihani yangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi niliposikia kiti kikianguka, kisha sauti ikivuma ukumbini kwa Kiswahili ambacho kwa mara ya kwanza hakikuwa na kosa hata moja:

"Rudi hapa, mwizi we, kichwa chako chenyewe kidogo!"