Mabega ya Tufani

Machale yalimcheza Mzee Wino siku gazeti la juma lilipofika, akamkuta Tufani wake kasinyaa. Mabega yamelegea, shingo imezama, mkono uliozoea kunyanyua malori unaning'inia tu. Tufani jamani! Shujaa wa katuni aliyeanza kumchora tangu mwanawe yuko tumboni, na mtaa mzima unamjua. Akalitazama gazeti, akamtazama mwanawe aliyekuwa anakunywa chai bila habari, akasema moyoni: huyu ananizunguka.

Kazi yao ilikwenda hivi. Mzee alichora kwa penseli. Mwanawe, ambaye siku hizi ni mtu mzima na ndevu zake, alitunga hadithi na kupanga nani akae wapi pichani, akapitisha wino juu ya penseli, kisha akaifuta penseli yote kwa raba ili ukurasa uende kuchapwa ukiwa safi. Mzee alichora nini hasa? Ushahidi umeshapulizwa sakafuni. Shaka ikapata pa kukaa.

Na tusimwonee mzee wa watu, sababu alikuwa nazo. Katika hadithi Tufani ana mtoto, Cheche. Zamani Cheche alibebwa mgongoni akilia kwa kuogopa urefu. Baadaye akawa anaruka ubavuni mwa baba yake, kashika pindo la joho. Akabalehe, ubishi ukaanza, wakanuniana huko angani matoleo chungu nzima. Sasa Cheche ndiye anayetangulia, baba yuko nyuma, kadogo, kabanwa kwenye pembe ya picha. Mzee aliujua mchezo huo unakoishia. Shujaa akianza kukohoa tu, tafuta sanda.

"Atamuua," alimwambia mkewe, fundi cherehani aliyeshonea katika chumba hichohicho walichochorea.

"Nani?"

"Mwanao. Anamzeesha Tufani kwanza, watu wakizoea anamzika."

"Makubwa! Si umuulize? Yuko hapo nje."

"Nimuulize mwizi kama kaiba?"

Basi hakuuliza, akawa wa kuvizia. Mwanawe akiongea na simu, mzee anapunguza redio. Mwanawe akisema kwa upole, "Baba, umechoka? Tupumzike kidogo," mzee anasikia: nipishe. Hata chai akiletewa aliinusa kwanza, na hilo likamuudhi sana mkewe, maana aliipika yeye.

Mwisho akapata hila. Kapuni mwa mkewe mlikuwa na karatasi za kaboni, zile za kuhamishia ramani ya nguo kwenye kitambaa. Akachomoa moja, akaiweka chini ya ukurasa mpya, na chini yake tena karatasi nyepesi. Akamchora Tufani kasimama juu ya paa, kifua mbele, huku akikandamiza penseli kwa nguvu zake zote. Nakala akaisukumia chini ya godoro bila hata kuitazama. Ukurasa akamkabidhi mwanawe na tabasamu la kinafiki.

Wino ulipokauka, alisubiri mwanawe atoke, akaunyakua ukurasa. Leo ndiyo leo! Akaubandika kwenye kioo cha dirisha, upande unaopigwa na jua, akaweka nakala juu yake, akaanza kutafuta pale mistari ilipoachana.

Begani haikuachana. Shingoni, wapi! Kila penseli ilipotetemeka, wino nao ulitetemeka papo hapo, bila kuzidi wala kupungua. Kwenye ukurasa wake mistari ilirundikana, na jicho lake siku zote lilichagua ule mzuri. Kaboni haikumpendelea; ilitoa ule tu ambao mkono uliukandamiza. Lile bega lililolegea alilichora yeye, kwa mkono wake mwenyewe. Mzee aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mwanawe akarudi, akaona dirisha, akaelewa kila kitu.

"Mbona hukumrekebisha?" mzee akafoka. "Paa umelinyoosha, magari umeyanyoosha! Yeye je?"

"Ulinikataza, Baba. Siku ya kwanza kushika kalamu ulinizaba kibao cha mkono, ukasema gusa vyote, Tufani usimguse."

"Na huko nyuma unakomrundika kama mzigo?"

Mwanawe akainamisha kichwa. "Akichorwa mdogo, mtetemeko wa mistari hauonekani sana. Nilikuwa nakuficha, Baba."

Cherehani ikanyamaza. Wiki zote zile alikuwa anamvizia mtu anayemsitiri, na hilo lilimuuma kuliko kuzeeka kwa mkono wake.

"Sema neno moja tu, namnyoosha leo hii," mwanawe akasema. "Hakuna msomaji atakayejua."

Mzee akaubandua ukurasa kiooni. Akamtazama yule jamaa aliyesimama juu ya paa na mabega yake yaliyochoka.

"Usimguse," akasema. "Ila mrudishe mbele, mkubwa, watu wamwone. Na Cheche amletee kiti."