Gari Lililokaa Eda

Baba alizikwa Kisarawe, kwao, na mama akabaki nyumbani kwetu Pangani, hapa Kibaha, akaanza eda. Kwa desturi yetu wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko, kwa hiyo mara ya mwisho mama kumwona mumewe ni pale alipotolewa mlangoni. Kaburi alilisikia tu kwa kusimuliwa. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani akitaja jambo moja: eda ikiisha atakwenda Kisarawe kumzuru, na atakwenda kwa gari la baba.

"Yeye katoka humu mabegani mwa watu," alisema. "Mimi nitamfuata kwa gari lake. Likishindikana, basi tena, nitakaa hapa hapa."

Mama yangu akisema basi tena, ni basi tena. Kwake nimerithi ubishi, na kwa baba hasira za karibu. Ukinikuta nimenyamaza, jua bado nazipanga.

Gari lenyewe ni pikapu ya gia za mkono, nimezaliwa nimelikuta. Baba alikwenda nalo shambani Ruvu na kurudi nalo limejaa matikiti na matope. Siku ya tatu ya msiba kaka yangu alitaka kulisogeza ili wageni wapate pa kukaa. Mama akasema kutoka dirishani, "Liacheni. Mimi sitoki, nalo lisitoke."

Nani abishane na mjane wa siku tatu? Tukalifunika na turubai la msibani, tukalikaza kwa kamba pande zote, tukaona tumeliheshimu. Masika yakaingia. Nyasi ziliota mpaka zikafika nusu ya matairi, na majirani wakipita wanasema, loo, na gari nalo limekaa eda. Tulicheka, lakini kwa adabu.

Miezi ile naikumbuka kama vitu nilivyoviona nikiwa ndani ya chandarua. Nikirudi kazini alasiri, mvua ikiwa imekatika na ua mzima unatoa mvuke, namkuta mama kainua pembe ya turubai, kakaa kwenye kiti chake cha abiria, miguu peku, mlango wazi. Alikuwa akiongea taratibu. Nikisogea ananyamaza, ananiuliza kama nimekula. Nilikuwa naona wivu kidogo. Mimi nilikuwa sina pa kwenda kuongea na baba.

Eda ikaisha. Wanawake wa mtaani wakaja kumwogesha mama, wakamsomea dua, nguo zake za eda zikatolewa sadaka. Safari ikapangwa kesho yake asubuhi. Jioni ile mimi na kaka tukalifunua gari. Betri ilikuwa imekufa kabisa, tukafunga ya gari la kaka. Injini ikakohoa mara mbili tatu, ikawaka, na mama barazani akafunika uso kwa ncha ya khanga.

Nikakanyaga klachi, nikasukuma gia. Chuma kikasaga chuma mpaka meno yangu yakauma. Nikajaribu gia nyingine, hivyo hivyo. Nikazima injini nikajaribu tena, gia zote zikaingia bila shida. Nikawasha, zikakataa.

"Hiyo ni masta silinda, ile pampu ya klachi," kaka akasema, macho kwenye simu. "Hapa jamaa anaeleza vizuri kabisa."

"Wewe gari lako halina hata pedeli ya klachi. Nyamaza unishikie tochi."

Baba alinifundisha kazi ile kwa kunitumia. Yeye analala chini ya gari, mimi nipo kwenye usukani, sauti yake inapanda kutoka uvunguni: kanyaga, shikilia, achia. Alikuwa akitoa upepo kwenye bomba la mafuta ya klachi, na mimi nilikuwa mguu wake. Sikuwahi kumwona uso tukifanya kazi ile. Jioni ile nikalala mimi chini, kaka akakaa juu, na badala ya kusema kanyaga nikagonga chuma kwa spana. Kaka akaelewa, akakanyaga. Mungu ambariki.

Mafuta yalikuwemo, na upepo haukuwepo. Kaka alipokanyaga, nikaona kwa macho yangu silinda ndogo ikiusukuma vizuri mkono wa chuma wa klachi. Kwa hiyo pedeli inafanya kazi, ujumbe unafika, na ndani kuna kitu hakiachii. Nikabaki nimelala nikilitazama tumbo la gari, lina kutu na utandu wa buibui, na ardhi chini ya mgongo wangu bado ilikuwa na unyevu wa mvua zote zile. Ndipo nikaelewa. Turubai letu la heshima lilifungia unyevu ndani kwa miezi, na sahani ya klachi ikashika kutu, ikagandana na chuma cha injini kinachobanana nayo. Lingetembezwa hata hatua chache uani kila wiki, klachi isingegandana.

Nikatoka uvunguni nikamfokea kaka kwa kukaza kamba. Akanijibu kwa upole, "Fundo la upande wako ndilo lililonishinda kufungua."

Fundi wa kushusha gia boksi angetaka muda, na mama alikuwa ameshaandaa nguo, udi na maji ya waridi. Niliogopa kumwambia. Nilijua angeingia ndani, angefunga mlango, na eda ya pili ingekuwa haina kipimo. Nikakumbuka njia ya baba ya kuibandua klachi barabarani: pasha injini moto, zima, weka gia ya pili, kanyaga klachi, kisha washa. Gari linaondoka lenyewe likiwa ndani ya gia, na unalikimbiza huku unakanyaga na kuachia mafuta, mguu wa klachi umezama, mpaka sahani iachie. Isipoachia, cha kulisimamisha gari ni breki na ufunguo tu.

Asubuhi kaka akafungua geti, akaenda kusimama barabarani kuzuia bodaboda. Mama akatoka kavaa nguo mpya, ananukia, akapanda akakaa.

"Mama, shuka kwanza nilijaribu."

"Kama litakwenda, litakwenda na mimi."

Nikapiga bismillahi nikazungusha ufunguo. Gari likaruka mbele, likajivuta, injini ikawaka getini. Nilimwona kaka kaweka mikono kichwani, kabaki hana gari wala betri. Tulishuka mteremko nimekanyaga klachi mpaka chini, na gari linavuta tu kana kwamba sina mguu. Nikakanyaga mafuta, nikaachia. Nikarudia. Mama alikuwa akisoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Mbele naiona barabara kubwa na malori yake, na mimi nikaanza kulitukana gari lile matusi ambayo mama hakupaswa kuyasikia, na hasa asubuhi ile. Kisha kitu kikagonga chini yetu, pa. Injini ikapanda sauti, gari likalegea, likateleza jepesi na peke yake. Nikaingiza gia ya tatu. Ikaingia.

"Baba yako naye alikuwa akilitukana hivyo hivyo," mama akasema.

Tukashika njia ya vumbi ya Kisarawe. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mihogo na mikorosho, jua linapita humo jeupe kama maziwa. Kuna wakati nilihisi hatuendi mahali, barabara ndiyo inayopita chini yetu. Mama alikuwa ameweka mkono kwenye dashibodi, pale alipozoea kuuweka.

Makaburi ya kwao baba yapo kando ya njia. Nikasimamisha gari, nikamwonyesha kwa kidole kaburi lake, udongo wake bado mwekundu kuliko mengine. Mama akashuka. Alipiga hatua chache, akasikia nimegusa ufunguo ili nizime, akageuka.

"Usizime kwanza, mwanangu. Siku nyingi hajalisikia."

Nikaondoa mkono. Akaenda peke yake, na mimi nikakaa na injini inanguruma, nikalia mpaka aliporudi.