Sufuria ya Pili ya Uji

Binti yangu wa mwisho alikuja kulelea mtoto wake wa kwanza kwangu, hapa Gendabi. Kwetu mwanamke aliyejifungua hatembei ovyo. Anakaa ndani, anakunywa uji wa ulezi wenye maziwa na samli mpaka mwili urudi. Kazi hiyo ni ya mama yake, na mimi kazi sichezi nayo.

Wiki tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Halafu mtoto akaanza vita. Akiwekwa kwenye ziwa anavuta mara mbili tatu, anapaliwa, anajipinda kama upinde, anaachia, analia mpaka kidevu kinatetemeka. Njaa inamrudisha, analia tena. Na mama yake analia.

"Mama, mtoto ananikataa."

"Hakuna mtoto wa kumkataa mama yake. Maziwa hayatoshi. Kunywa uji."

Nikaongeza sufuria ya pili. Moja asubuhi, moja alasiri. Nilisimama mlangoni mpaka nione bakuli limekwisha. Kadiri alivyokunywa, mtoto alizidi kulia, na mimi nikazidi kupika.

Tukampeleka kliniki. Nesi akampima akasema uzito umepanda vizuri, tena sana. Njiani nikamwambia binti yangu mzani ule umeharibika. Mtoto anayelia njaa kutwa nzima, unene ataupata wapi? Nilisema hivyo huku mashavu yake nayaona.

Siku moja alasiri nikamkuta binti anakunja nguo zake, anapanga kwenye begi.

"Kesho narudi kwangu Katesh," akasema. "Nitanunua maziwa ya kopo. Labda ya kopo hatayalilia."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningemjibu. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kushindwa, na hapo ndipo nilipoogopa. Niliona kwamba akiondoka na moyo ule, ataishi akiamini mwanawe alimkataa, na mimi nilikuwepo nikikoroga uji.

Jirani yangu akaingia kurudisha kibuyu. Yeye ni wa nyumba ya wafugaji, sisi ni wakulima, na tumetaniana tangu tulipoolewa huku. Akamkuta mtoto katikati ya vita vyake. Ameachia ziwa, anapiga kelele, na maziwa yanaruka yenyewe mpaka kwenye kanga.

"We mama mahindi," akaniambia, "huyu mnamnyonyesha au mnamzamisha?"

"Nyamaza. Maziwa hayatoshi."

"Hayatoshi? Na kanga imelowa hivyo? Ungekuwa na ndama wewe, wangekufa wote."

Kilichonijia ni zizi la mama yangu kule Endagikot, Mbulu. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye paji jeupe, maziwa yake mengi kupita kiasi. Ndama wake akienda kunyonya anapaliwa, maziwa yanamtokea puani, anakimbia, anarudi. Mama hakumwongezea yule ng'ombe majani. Alinipa ndama nimshike shingo, akakama kwanza yale ya mwanzo yanayotoka kwa nguvu, mpaka sauti yake kibuyuni ipungue. Ndipo anasema, "Mwachie." Ndama ananyonya mkia ukicheza. Nilisimama pekupeku kwenye samadi ya moto, maana asubuhi ya Mbulu ina baridi, na harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi ikinijia. Kwa ajili ya kazi ile niliishia darasa la tatu. Sijawahi kuililia shule. Zizi lile nalililia.

Haya yote niliyajua tangu utoto. Nilikuwa nimeyaacha mlangoni pa zizi.

Nikaleta bakuli, nikamwambia binti akamue kidogo mpaka ile kasi ipungue. Kisha nikamwegemeza nyuma kwenye mito, mtoto nikamlaza juu ya kifua chake, ili maziwa yampandie, yasimmwagikie. Akavuta. Akakohoa mara moja, na binti akataka kumwondoa. Nikamshika bega.

"Mwache."

Tukasikia anameza. Polepole, kama mtu mzima anayekunywa chai. Kile kingumi chake kilichokuwa kimefungwa tangu wiki iliyopita kikafunguka juu ya kanga.

"Amepungukiwa mkia tu," jirani akasema.

Binti yangu akacheka mpaka mtoto akatikisika juu yake, lakini ziwa hakuliachia.

Sisemi kilio kilikwisha siku ile. Kulikuwa na siku mbaya, tukawa tunamweka begani mpaka acheue, tunaanza upya. Lakini nguo zilitoka kwenye begi, na walikaa mpaka tukavuna maharage. Sikumwambia binti yangu nilikosea. Nilirudi kwenye sufuria moja. Ile ya pili ya siku ile jirani alipoingia ilikuwa bado jikoni imejaa, tukaimaliza mimi na jirani.

Sasa yule mtoto ana meno, na kwenye simu ananiambia, "Shikamoo bibi," kabla mama yake hajamkumbusha. Nyumba iko kimya. Uji napika wangu peke yangu, lakini mkono bado unachota unga wa watu wawili. Siurudishi. Natoka nje namwita yule mfugaji wangu, aje na matusi yake.