Mshindi Anabaki Kwenye Kiti

Katika chumba cha michezo cha mama mmoja pale mtaani Mbunya, sheria ilikuwa moja tu: mshindi anabaki kwenye kiti, mshindwa anaamka. Ililetwa na michezo ya kupigana, ile ya karate ambamo watu wawili wanararuana mpaka mstari wa uhai wa mmoja uishe pale juu ya skrini. Baadaye ikatawala kila kitu. Ulipokuja mchezo wa mpira, tuliucheza kama ngumi: wawili mbele, mmoja anaamka. Yalipokuja magari, vilevile. Hata harusi za mtaa zingeamuliwa hivyo, kama mapadri wangekubali.

Mimi nilikuwa mchezaji mbaya kuliko wote tangu Mungu aumbe umeme. Nilipitia pale alasiri, kabla ya masomo yangu ya jioni, na kila mtu alinipiga, hata mwenye mkono uliofungwa bendeji. Bingwa alikuwa rafiki yangu, kijana mfyatua matofali aliyekimbia vita kule Djugu. Vidole vyake vilikwenda kasi hadi maneti, kile kidude cha kubofyea, ikatoa moshi. Moshi huo niliuona kwa macho yangu.

Siku hizo akaanza kuja mwanaume mwenye koti la mvua. Kilikuwa kiangazi, vumbi limetukaa mpaka kwenye meno, naye na koti la mvua. Hakucheza. Alisimama mlangoni akitazama nani anabaki kwenye kiti. Mabingwa wawili waliomtangulia rafiki yangu aliwapa kazi mbali, kwenye machimbo, ndivyo alivyosema. Simu zao hazikuita tena. Mama zao walikuja pale kuuliza, wakaikodolea macho televisheni kana kwamba watoto wao wamo ndani.

Siku moja, tukitoka, alimgusa rafiki yangu begani pale mlangoni.

"Weye iko na mikono muzuri. Samedi gari inapita. Miye napenda tu wenye kushinda."

Tulipotoka nje nilimwambia akatae.

"Anajua hema yetu kule kambini, yaya," alisema, maana aliniita kaka mkubwa. "Jana alipita kusalimia mama yangu."

"Basi ushindwe mbele yake. Hatakutaka tena."

"Nishindwe na nani?"

Akanitazama. Hapo nikaelewa kwa nini Mungu alinipa vidole vya muhogo.

Samedi, Jumamosi ile, tulikaa kwenye viti. Mule ndani mlijaa watu elfu kumi, katika chumba cha watu ishirini. Mtu wa koti alikuwa mlangoni. Nilibofya kama ninayekanda unga. Rafiki yangu alizunguka, akaruka hewani, akanipa mbavu zake. Mstari wake ukaisha.

"Aibu! Unapigwa na huyu mwenye kulala juu ya vitabu!" walipiga kelele. "Amuka, amuka!"

Aliamka, akatoka, akapanda pikipiki iliyomsubiri kumshusha Kasenyi kwa mjomba wake mvuvi. Nami nikainua mikono juu, nikicheka kama mfalme wa Ituri nzima.

Ndipo mtu wa koti akaingia ndani, mara ya kwanza kabisa.

"Ni vizuri, papa," aliniambia. "Nakusubiri."

Nikashusha mikono. Msomi mzima nilikuwa nimesahau sheria ile moja ya chumba.

"Nani anafuata?" niliita. Siku zote waligombania maneti mpaka mashati yanapasuka. Safari hii kila mtu alitazama miguu yake. Nje injini ya gari ilikuwa ikinguruma.

Mama mwenye chumba, ambaye hakuwahi kugusa maneti ila kuipangusa, aliacha sufuria yake ya mikate ya kukaanga, akafuta mafuta mikononi, akaja kukaa kando yangu.

"Sogea, mutoto. Nafinya wapi?"

"Finya zote, mama."

Akafinya zote. Naapa sikumwachia, alinipiga kweli, bila huruma.

"Mushindi anabaki," alimwambia yule mtu bila kugeuka. "Basi unipeleke miye."

Mtu yule alimtazama kisogoni, akafunga koti lake kifungo kwa kifungo, akatoka.

Rafiki yangu sasa anashona nyavu Kasenyi, na hata mchezo wa simu hataki kuuona. Mama bado amekalia kiti kile. Anakaangia mikate palepale, na hakuna anayethubutu kumwomba pambano.

Lakini juzi, jua likiwa kali, niliona koti la mvua kwenye mlango wa chumba kingine, ng'ambo ya barabara. Wanasema bingwa wa huko iko na mikono ya kasi sana.