Elfu Moja na Tisa

Wanafunzi walimwita Bwana Baki, kwa sababu kila hesabu ya kugawanya lazima aimalizie kwa kufoka, "Baki ngapi?" Shule za wilaya zilipounganishwa kucheza halaiki mbele ya wageni wakubwa, kazi ya kuwapanga watoto uwanjani akatwishwa yeye. Walimu wenzake walikwisha kuipiga chenga.

Watoto walikuwa elfu moja na tisa. Bwana Baki akaguna. Mkuu wa shule alitaka mstatili kamili, safu zote sawasawa, na namba hiyo ni tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukaidi mtupu! Lakini mpunguze mtoto mmoja, mambo yananyooka. Elfu moja na nane ina vigawo thelathini, tena ukiiacha yenyewe, vilivyobaki vikijumlishwa vinapita elfu mbili. Safu ishirini na nane za watoto thelathini na sita zingekaa kama zimepigwa rula.

Apunguzwe nani? Wazazi wana midomo. Ili kukwepa maneno, akamtoa binti yake mwenyewe, aliyekuwa akirudia hatua za halaiki jikoni mpaka sufuria zinatikisika.

"Si ungemtoa mwingine?" mkewe aliuliza.

"Ili niambiwe napendelea?"

"Kwa hiyo wa kuonewa ni wako."

Binti hakulia. Alichukua penseli akaanza kuijaribu namba ile: kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, akitafuta kigawo cha kumrudisha uwanjani. Baba yake alimwambia akifika thelathini na moja aache, maana thelathini na mbili mara thelathini na mbili inaipita namba yenyewe. Jioni akamjia na karatasi iliyotoboka kwa kufutwafutwa.

"Thelathini na moja nayo imekataa, baba."

Na yeye, mjinga wa kusoma, akamsifu kwa kugawanya vizuri.

Siku ya halaiki wakakaa jukwaani, yeye, mkewe na binti. Watoto wakaingia, mstatili ukajaa, wageni wakapiga makofi. Ndipo mbele ya safu zote akatokea msichana mmoja, peke yake, ameshika bendera. Alikuwa mpwa wa mkuu wa shule, mgeni kabisa wilayani, hata mazoezini hakuwahi kuonekana.

 Wiki nzima Bwana Baki alikuwa ameigawanya namba ile kila upande, na hata mara moja hakuwaza kwamba mtoto mmoja anaweza kutangulia mbele. Aliona uchungu, akaona na aibu, na aibu ndiyo iliyozidi.

Midomo ya binti ilikuwa ikichezacheza.

"Pamoja na wa bendera ni elfu moja na tisa," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Kumbe nafasi ilikuwepo."

Akainuka, akaenda kukaa upande wa pili wa mama yake.