Msimu wa Kungoja Mlangoni

Mwezi uliopita nilikwenda Kanoni kwa siku mbili, nikitokea Rubwera ninakofanya kazi. Bodaboda ilinishusha pale njia inapokata kuingia kwenye vibanja vya migomba, na kabla sijaweka begi langu sawa, harufu ikanifikia: kahawa ya maganda iliyoanikwa juani siku ya tatu au ya nne, tamu, yenye uchachu kidogo, kama tunda lililosahaulika mfukoni. Kama umekulia huku kwetu, huna haja ya kuelezwa. Nilisimama katikati ya njia, mtu mzima mwenye miaka thelathini na ushei, nikawa tena na miaka tisa.

Ua wa bibi yangu siku zile haukuwa na uzio. Msimu wa kahawa ulipofika, mikeka ilitandazwa kutoka ukutani hadi kwenye migomba ya kwanza, na watoto wa majirani walikuja wenyewe, bila kuitwa, mara tu shule ilipotoka. Tuligeuza kahawa kwa viganja, tukitoa majani, vijiti na zile zilizooza. Bibi alitupa ndizi za kuchoma na juisi ya ndizi iliyokamuliwa asubuhi, kabla haijachachuka ikawa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikifumba macho hata sasa nasikia ule mlio wa kahawa ikigeuzwa na mikono mingi, mlio wa mvua ndogo juu ya majani makavu, na mchana mrefu usiokuwa na haraka ya kwenda popote.

Kulikuwa na desturi yake moja tu pale mkekani. Ukishampa shikamoo, naye akakujibu marahaba, hakuuachia mkono wako. Alikuuliza, "Moyo umeamkaje leo?" Na usijaribu kumwambia salama. "Salama ni ya barabarani," alisema. "Hapa umeshafika nyumbani." Basi ulisema. Mmoja alisema ana hofu ya mtihani, mwingine kwamba baba yake ameondoka kwa ugomvi. Kulikuwa na kijana mwenye kigugumizi ambaye neno moja lilimchukua muda wa kumenya ndizi tatu, na ole wako ummalizie sentensi yake. "Mwacheni afike mwenyewe," bibi alituonya, na wote tulinyamaza mpaka afike.

Mimi jibu langu lilikuwa lilelile karibu kila siku: nina hasira. Usinicheke. Nilikuwa mtoto wa kupindua madawati. Mwalimu alinirudisha nyumbani mara mbili, na shuleni hakuna aliyependa kukaa karibu nami. Bibi aliniita pilipili, nikacheka, maana yeye alilitamka kama jina la kipenzi. Kisha alinielekeza upande wenye kahawa nyingi. "Anza hapo. Mikono ikichoka, tutazungumza."

Nyumba ya pili kutoka kwetu waliishi watu wenye asili ya Burundi, mume na mke waliolima vibarua katika vibanja vya watu. Walikuwa na binti wa rika langu. Hakuwahi kusema neno. Kelele zilimuumiza, jogoo akiwika karibu naye alijiziba masikio na kuyumba mbele na nyuma. Mama yake akienda kulima alimfungia ndani, akapitisha gongo mlangoni kwa nje. Hakuwa mkatili. Mtoto aliwahi kupotea siku nzima, akakutwa ukingoni mwa bwawa, na tangu hapo yule mama hakupata usingizi. Kijijini walisema maneno juu yao ambayo sitayarudia.

Asubuhi moja bibi alikwenda kwao, mimi nikiwa nimembebea ungo. Alimwomba yule mama amlete binti mkekani. Wakavutana kwa upole kwa muda mrefu, mpaka yule mama akasema, "Sawa, mama. Lakini siku mwanangu atakapoumizwa pale, nitamrudisha ndani, na sitamtoa tena."

"Akiumizwa pale, nimeumizwa mimi," bibi akajibu.

Ndivyo alivyokuja. Alikaa mwisho wa mkeka, kwenye kivuli, akaipanga kahawa mistari, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa, kwa umakini ambao sijauona kwa fundi yeyote. Bibi alimshika kidole kimoja tu, akamuuliza swali lile lile la moyo, akangoja kama alivyotungoja sisi, kisha akasema, "Haya, nimesikia." Wiki ya kwanza tulicheka. Wiki ya pili tuliacha. Baadaye tulianza kumjua: akiyumba, usijali, akianza kuvuma kama nyuki, punguzeni sauti. Tukajifunza kuimba chini chini, na nakuapia, nyimbo zile zilikuwa tamu zaidi hivyo.

Halafu nikaharibu. Siku hiyo mwalimu alikuwa amenipigisha magoti mbele ya darasa, nikafika uani nikiwa nimefura, nikaukwepa hata mkono wa bibi. Mstari wa kahawa wa yule binti ulikuwa umefika mahali pangu pa kukaa. Niliupiga teke, nikamfokea. Alitoa ukelele ambao bado ninao mwilini. Akajipiga kichwa kwa viganja, akakimbilia kwao.

Nikaogopa, na kwa kuogopa nikafanya kosa la pili. Labda unajua kwamba kwetu kahawa haianikwi tu, hutafunwa pia, na tangu zamani watu wakitaka kuwa ndugu hupasua tunda moja, kila mmoja akatafuna punje moja kati ya zile mbili. Wazee wa kale waliongeza tone la damu. Bibi alisema damu ni ya watu wazima wasioaminiana, sisi watoto punje inatosha. Tukigombana alitugawia, na ukishatafuna huruhusiwi kwenda nyumbani na kinyongo. Mimi nilidhani ni dawa: meza, upone. Nikachukua tunda moja, nikalipasua, nikakimbia hadi kwao. Nikatafuna punje yangu haraka haraka, nyingine nikamsukumia yule binti mdomoni. Aliitema, akapiga kelele zaidi. Mama yake alikuwa amesimama pale pale. Hakunigusa. Alimwingiza mwanawe ndani, akafunga mlango.

Nilitamani bibi anichape. Hakunichapa.

"Hiyo kahawa umegawana na nani?"

"Na yeye, bibi."

"Alikuwa ameshafika kwako?"

 Nikamuuliza nifanye nini, akaniambia niende nikakae nje ya mlango wao kila alasiri, na nisiseme neno, nisigonge, nisimwite. Nikauliza mpaka lini. "Hilo si lako kulipanga," alisema.

Basi mimi, niliyeshindwa kutulia kipindi kimoja cha hesabu, nilikwenda kukaa chini mbele ya mlango uliofungwa, na ungo wa kahawa mapajani. Siku ya kwanza nilimchukia kila mtu. Siku nyingine nililia kwa aibu. Siku zilizofuata zimeyeyuka zote zikawa alasiri moja ndefu: majani ya migomba yakisuguana, moshi wa jikoni kwa mtu ukipita chini chini, ng'ombe akilia mbali kwenye vilima, jua likisogea taratibu kutoka magotini hadi vidoleni mwangu. Na ndani, nyuma ya mbao, yule binti akivuma. Nilianza kuijua sauti yake ya hofu na ile ya kutulia. Sijawahi kumsikiliza mtu namna ile tena, hata mume wangu.

Siku moja, bila kufikiri, nikaipanga kahawa yangu mstari kando ya mwanya uliokuwa chini ya mlango. Ndogo, kubwa, ndogo. Kidole kikatoka. Kikaivuta ile kubwa pembeni, kikaacha ndogo kwa ndogo. Nilikuwa nimekosea, naye alinisahihisha. Nikaweka nyingine. Tuliendelea hivyo mpaka mama yake aliporudi, jembe begani, akatukuta tukiwa na mlango katikati yetu. Aliliegemeza jembe ukutani. Kisha akaliondoa gongo yeye mwenyewe.

Kahawa ya kutafuna hatukugawana kamwe. Bibi alisema hatukuihitaji.

Siku hizi ua ule una uzio wa matofali na sakafu ya saruji ya kuanikia. Bibi ametangulia. Watoto sikuwaona nje. Kila mmoja yuko kwao. Sitakudanganya kwamba zamani yote ilikuwa asali, maana yapo mema mapya. Nimeambiwa kuna mwalimu aliyesomea kufundisha watoto wa namna ile, na nilifurahi kwelikweli. Lakini zile alasiri ambazo jirani alikuwa na muda wa kumngoja mtoto wa mwenzake, sijui zimekwenda wapi.

Msimu uliofuata ule wa mlangoni, wazazi wa yule binti walipata shamba upande wa Kyerwa, wakahama. Yule mama alikuja kuaga. Alimtazama mwanawe akiwa katikati yetu mkekani, watoto kumi wanaoimba kwa kunong'ona, akasema, "Mama, huku mmemzoea. Huko tuendako, nani atamngoja?"

Bibi, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, alimshika mkono tu.  Nilitaka kusema, "Mimi." Lakini nilikuwa na miaka kumi, na Kyerwa ilikuwa mbali.

Sasa nina miaka sita nikiishi Rubwera, huko huko Kyerwa, na sijawahi kumtafuta.