Bolti Yenye Nyota

Dukani kwa Kasmir, Mtaa wa Sikukuu, hakuna pangaboi. Wateja wanatota jasho na kulalamika, naye anawajibu kwamba umeme ni ghali. Uongo mtupu. Alilishusha mwenyewe wiki moja baada ya kumzika mdogo wake, Aaron, maana kila lilipozunguka alisikia ndege ya Aaron ikiwashwa.

Kasmir ni mtu wa Kibosho, Uchagani, na ameuza bolti na nati Kariakoo miaka ishirini na sita. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mteja haambiwi "hakuna". Anaambiwa, "Ipo inayofanana." Inaingia, inakaza, unataka nini tena? Kwa sheria hiyo alisomesha watoto wanne, na kwa sheria hiyo hiyo, anavyoamini, alimuua mdogo wake.

Aaron alikuwa fundi mitambo aliyepata leseni ya urubani ukubwani. Akaagiza ndege ya kujiundia mwenyewe, ya viti viwili, ikaja vipande vipande ndani ya makasha, kila bolti na namba yake. Kiwiliwili, yeye na kaka yake walikiunga kwenye stoo nyuma ya duka la Kasmir. Mabawa yalikaa sebuleni Upanga, na Blandina, mke wa Aaron, aliandaa chakula juu ya bawa kwa miaka mitatu, akinung'unika huku anacheka. Siku ya kuitoa, wasukuma mikokoteni waliipitisha Kariakoo nzima wakipaza sauti, "Pisha ndege! Pisha ndege!" Kasmir hajawahi kufurahi kama siku ile.

Ila wiki chache kabla, bolti moja ya mkia, panapoungana na usukani, ilipotea. Ilikuwa na nyota kichwani, alama ya chuma cha ndege, na kuagiza nyingine kungechukua mwezi na nusu. Aaron alikuwa kazini. Kasmir akaenda mbele dukani, akachagua inayofanana, akaikaza. Unene ule ule, urefu ule ule. Jioni alimwambia Aaron kwamba ameiokota chini ya benchi.

Ndege iliruka mara mbili salama. Mara ya tatu, kwenye kiwanja cha majani nje ya jiji, mbele ya wageni waalikwa, iliinamisha pua na haikuinuka tena. Iliungua yote. Wachunguzi waliandika kwamba chanzo hakikujulikana. Mwezi uliofuata Kasmir alifagia stoo, akaikuta bolti yenye nyota imejibana kwenye ufa wa sakafu. Tangu hapo inakaa kwenye droo ya kaunta, na mteja akiuliza, "Mzee, hii orijino?", sauti anayoisikia ni ya Aaron.

Mwaka na nusu ukapita. Alhamisi moja alasiri Blandina aliingia dukani, ameshika kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu, mama. Habari za Kibosho?"

Blandina alifungua gazeti, akaweka juu ya kaunta jani la sale, bichi, limepigwa fundo. Kwa Wachaga jani hilo halina mjadala. Anayekuletea amekuja kuomba msamaha, na hata kama amekuulia mtu, humkatalii.

"Mimi ndiye niliyemuua Aaron," alisema Blandina. "Asubuhi ile aliniambia usukani unacheza, bora aahirishe. Nikamwambia wageni wameshafika, asituaibishe. Nikamwita mwoga, shemeji. Na wazee walishasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio hicho nimekilia mwenyewe, silali."

Usukani unacheza. Kasmir alikuwa bado na tumaini dogo, kwamba pengine ni injini, pengine ni upepo. Likaishia pale. Na papo hapo akaona njia nyeupe mbele yake: apokee jani, aseme amesamehe, na kosa libaki kwa Blandina. Hakuna ambaye angeuliza tena. Mkono wake ulikuwa umeshalishika jani, na aliuonea aibu.

Akavuta droo. Akaiweka bolti juu ya kaunta, kisha akamnyooshea Blandina jani lile lile kwa mikono miwili.

"Hili nilipaswa kukuletea mimi. Usukani ulikuwa unacheza kweli. Bolti yake ilipotea, nikaweka ya dukani. Hii ndiyo yake."

Blandina aliliacha jani mikononi mwa Kasmir, akachukua bolti. Akaipapasa ile nyota kwa kidole gumba.

"Aaron alijua?"

"Hapana. Nilimwambia nimeiona."

"Basi alipanda akidhani anaogopa bure," alisema Blandina. "Wewe ulimdanganya, mimi nikamcheka."

Akaitia bolti kwenye mkoba, akatoka. Jani la sale halikataliwi, lakini hakuna mila inayosema lazima lipokelewe siku hiyo hiyo. Kasmir alilitia kwenye kikombe cha maji, akakiweka pale penye macho ya watu.

Mteja akaingia na bolti kuukuu mkononi. "Mzee, kama hii ipo?"

Kasmir aliigeuza kiganjani, akamrudishia.

"Hakuna."

"Hata inayofanana?"

"Hakuna, baba."